Ukiitwa kwenye jopo la kuwathibitisha mawakili bingwa

Faili la kwanza nililopewa lilikuwa na kurasa 212, na nililisoma vibaya. Nilianzia mwanzo wake, kwenye wasifu, nikakutana na vyeo, tuzo, na picha ya mwombaji akiwa amesimama katikati ya majaji. Nilipofika kwenye orodha ya kesi zake nilikuwa nimeshamkubali moyoni, kwa hiyo orodha yenyewe niliipitisha macho tu. Kikaoni mwenyekiti akasema, "Huyu hana shida," nasi wawili tuliobaki tukaitikia. Ilichukua dakika 6.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na wakili yuleyule mahakamani, yeye upande wa pili wa shauri la malezi ya mtoto. Hati ya kiapo aliyomwandalia mteja wake ilikuwa ndefu, imejaa ugomvi wa watu wazima wawili: nani alimtukana nani, nani alihama lini. Mtoto, ambaye ndiye shauri lenyewe, hakuandikiwa hata aya moja. Atalala wapi, atasoma wapi, nani atampeleka hospitali: hakuna. Usiku ule nilikaa nikajiuliza mimi nilisoma nini hasa katika zile kurasa 212, na sikupata jibu.

Nimefanya kazi ya sheria ya familia kwa miaka 19, na kwa miaka 8 ya hiyo nimekaa kwenye jopo linaloamua nani aitwe bingwa katika fani yetu. Kila anayejiunga nasi huniuliza aanzie wapi. Haya ndiyo ninayomwambia.

Kwanza ujue unagawa nini

Mgonjwa akiambiwa huyu ni daktari bingwa wa moyo, haulizi alipata alama ngapi kwenye mtihani. Anavua shati. Mteja naye hufanya vivyo hivyo: akiona neno bingwa chini ya jina la wakili, anaacha kuuliza na anaanza kueleza siri zake. Hana namna ya kupima kazi ya wakili mpaka ishaharibika. Sisi ndio tumepima kwa niaba yake, na hatatufahamu kamwe.

Uzito huo uliwahi kufikishwa Mahakama ya Juu ya Marekani. Wakili mmoja wa Illinois, Gary Peel, aliandika kwenye karatasi za barua za ofisi yake kwamba amethibitishwa kuwa bingwa wa kesi za madai na bodi ya kitaifa ya mawakili wa mahakamani. Akaadhibiwa kwa kujitangaza hivyo. Mwaka 1990 mahakama hiyo ilitengua adhabu, kwa kuwa alichoandika kilikuwa kweli na mtu angeweza kukihakiki. Mimi huichukua hukumu hiyo kama onyo kwetu wanajopo: maneno yale yana thamani kwa kadiri aliyeyatoa alivyopima kweli.

Mifumo haifanani. Ujerumani, anayetaka cheo cha wakili bingwa lazima awe amefanya kazi ya uwakili kwa angalau miaka 3 ndani ya miaka 6 iliyotangulia, amalize kozi ya saa 120, afanye mitihani ya kuandika isiyopungua mitatu yenye jumla ya saa 15, kisha alete orodha ya kesi. Kwa sheria ya familia ni kesi 120 za miaka 3 ya mwisho, na nusu yake ziwe zimefika mahakamani. Mtu mmoja haruhusiwi kubeba zaidi ya vyeo 3 vya namna hiyo. Texas ina bodi yake tangu 1974, nayo hutaka miaka 5 ya uwakili, mtihani, na mawakili wenzake na majaji waulizwe kuhusu kazi yake. Kwingine ni chama cha mawakili chenye kamati ndogo ya watu 3 au 4. Soma kanuni za mfumo wako mara mbili kabla hujafungua faili la mtu, na uzisome na kalamu mkononi, maana baada ya hapo neno lolote utakalosema kikaoni ni lazima liwe na kigezo nyuma yake. Usipokiona kigezo, hayo ni maoni yako tu.

Kabla ya kusema ndiyo

Piga hesabu ya muda. Faili moja hunichukua saa 5: 3 za kusoma, 1 ya kuandika maoni yangu, na 1 ya kikao na kusahihisha sababu za uamuzi. Awamu yenye mafaili 8 ni saa 40, wiki nzima ya kazi ambayo ofisi yako haitaiona. Ukijua huna wiki hiyo, kataa mapema. Mwombaji ametumia miezi kukusanya kesi zake, na hastahili kusomwa na mtu aliyechoka, kwenye gari, asubuhi ya kikao.

Kisha mgongano wa maslahi. Fani zetu ni ndogo na wote tunafahamiana. Wahenga walishasema kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Usitegemee kumbukumbu. Ukipewa majina, chukua daftari la kesi za ofisi yako la miaka 5 nyuma, utafute kila jina: nani uko naye kwenye shauri linaloendelea, nani mliwahi kuwa ofisi moja, nani alikuwa mwanafunzi wako, nani anakudai au unamdai, nani mnagombania wateja walewale. Yote yaandike kwa katibu wa jopo, hata yale unayoona ni madogo, umwachie yeye na mwenyekiti waamue.

Niliwahi kupewa faili la wakili aliyenishinda kwenye rufaa mwaka mmoja kabla. Niliamini kwa dhati kwamba sina kinyongo naye. Niliandika hivyo kwa katibu, na katibu akaniondoa kwenye faili lile kwa sentensi moja. Alikuwa sahihi. Kama ningempitisha, ningeonekana najitakasa. Kama ningemkataa, nani angeamini sababu zangu?

Ukijitoa, jitoe mzima. Toka chumbani faili hilo linapojadiliwa, usipokee nakala yake, wala usiulize baadaye lilikwendaje.

Kusoma faili

Siku hizi nalisoma faili kinyume na lilivyopangwa. Wasifu nauweka mwisho kabisa. Barua za wadhamini kabla ya wasifu. Naanza na orodha ya kesi, kisha simulizi za kesi ambazo mwombaji amezichagua zimwakilishe.

Orodha ya kesi inataka subira ya mhasibu. Mimi huchora safu pembeni, nikaandika kwa kila kesi: mwaka, mahakama, aina ya shauri, lilipingwa au la, na mwombaji alikuwa nani ndani yake. Baada ya kesi 40 sura ya kazi yake huanza kuonekana, na mara nyingi haifanani na barua ya maombi. Kuna orodha ya kesi 130 ambayo 96 zilikuwa talaka za makubaliano, zisizo na mtoto wala mali ya kugombania. Ni kazi halali na inasaidia watu, ila haionyeshi kwamba mtu huyo anaweza kumhoji shahidi mtaalamu au kufuatilia mali iliyofichwa.

Angalia pia familia moja iliyogawanywa. Talaka ni mstari wa 12, matunzo mstari wa 13, malezi wa 14, mgawanyo wa mali wa 15, utekelezaji wa amri wa 16. Wakati mwingine ni haki, kwa sababu kila moja lilikuwa shauri kamili lenye ushahidi wake. Wakati mwingine ni maombi madogo ndani ya jalada moja. Kanuni zenu ziseme wazi jinsi ya kuhesabu, na kama hazisemi, jopo likubaliane kabla ya kufungua faili lolote, liandike, na litumie hesabu hiyohiyo kwa wote. Nimeona jopo likigundua tatizo hili kwenye faili la tano. Yale manne ya kwanza ikabidi yasomwe upya.

Halafu kuna vitenzi. Lugha yetu ina mlango mpana wa kujificha, na mawakili tunaujua. "Shauri lilifunguliwa, hoja zikawasilishwa, shahidi akahojiwa." Na nani? "Tulifungua, tuliwasilisha." Nyie ni akina nani? Ninapoona kurasa 3 za kutendwa na wingi, natafuta kiambishi kimoja tu: ni-. Nilimshauri mteja. Niliandika hoja. Niliamua kutomwita shahidi wa 2. Asipokuwepo huyo "ni-", sina ninachoweza kumpa alama, hata kama kesi yenyewe ilikuwa kubwa na kila mtu aliisikia. Simkatai kwa hilo. Naandika swali la kumuuliza kwenye usaili. Wapo wanaoandika "tuli-" kwa adabu tu, kwa sababu wamelelewa kwenye ofisi ambazo mdogo hasemi "mimi".

Simulizi za kesi ndizo zinazonichukua muda mrefu zaidi, na ningekuwa na saa moja tu ya kusoma faili ningeitumia yote hapo. Ninachotafuta ni njia panda: mahali ambapo wakili alikuwa na njia mbili au tatu halali, akachagua moja, akaweza kueleza kwa nini. Nitatoa mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo madogo madogo ili mtu asitambulike. Mwombaji alimwakilisha baba aliyekuwa na amri ya mahakama ya kuwaona watoto wake wawili kila mwisho wa wiki. Mama hakuwa akiitii. Sheria ilimruhusu kuomba mama atiwe hatiani kwa kukaidi amri, na baba alilitaka hilo kwa hasira zote. Simulizi ikasema: "Niliandaa maombi hayo. Sikuyawasilisha." Akaeleza kwamba mtoto mkubwa alikuwa na miaka 11, na kwamba mtoto wa umri huo akimwona mama yake anatozwa faini au kufungwa kwa sababu ya baba, amri ya mahakama itampa baba siku za mwisho wa wiki pamoja na mtoto asiyetaka kumtazama. Akaomba taarifa ya afisa ustawi wa jamii, akapendekeza watoto waonane na baba mbele ya mtu wa tatu kwa wiki 8 za kwanza, akamshawishi mteja wake akubali. Alichukua pia tahadhari ya kuyatunza yale maombi tayari, yenye tarehe iliyoachwa wazi, kama mpango usingefanikiwa.

Ukurasa na nusu tu. Niliusoma mara tatu. Sijui kama baba yule leo anaona wanawe, na kwa kazi ya jopo sihitaji kujua. Nilichohitaji kilikuwa pale: mtu anayeijua sheria, anayemjua mteja wake, na ambaye hajamsahau mtoto.

Ndiyo maana neno "tulishinda" halinisaidii. Mawakili wazuri hushindwa kesi, na wabovu hushinda. Ushahidi, hakimu, na tabia ya upande wa pili vyote vina mkono wake. Jiulize mwombaji alijua nini siku alipoamua, na je, uamuzi ulikuwa wa mtu mwenye ubingwa? Kwa sababu hiyohiyo usimwadhibu anayekiri kosa. Mwombaji mmoja aliandika kwamba alichelewa kuomba tathmini ya nyumba ya familia, bei zikapanda, na mteja wake akalazimika kukubali kiasi cha zamani. Akaeleza ratiba aliyoitengeneza tangu siku hiyo kwa kila shauri la mali. Mwenzangu alitaka kumkata alama. Nilipinga na ninaendelea kupinga, maana tukiwakata wanaosema kweli, awamu ijayo tutaletewa simulizi zisizo na doa, na hatutajifunza lolote kutoka kwazo.

Jambo moja huwa nalisimamishia kazi yote. Ukikuta jina kamili la mtoto, shule yake, au ripoti ya daktari isiyofutwa majina, acha kusoma. Funga faili, mwandikie katibu, lirudishwe kwa mwombaji lifichwe majina kabla halijafika kwa mwanajopo mwingine. Kisha liandike kwenye karatasi yako. Wakili wa familia aliyeshindwa kumficha mtoto kwenye faili aliloandaa kwa miezi, bila presha ya mahakama, ana swali la kujibu.

Barua za wadhamini, na maneno ya vibarazani

Barua nyingi zinasifu tabia: mchapakazi, mwaminifu, anafika kwa wakati. Zipitie haraka. Inayofaa ni ile inayotaja kitu alichokiona mwandishi mwenyewe kwa macho yake. Barua bora niliyowahi kusoma ilitoka kwa wakili wa upande wa pili, mistari 9 tu, akieleza jinsi mwombaji alivyomletea hati iliyomuumiza mteja wa mwombaji mwenyewe, kwa sababu kanuni za kufichuliana nyaraka zilimtaka afanye hivyo, wakati hakuna mtu ambaye angejua kama angeificha. Kama mfumo wako unaruhusu jopo kuuliza wadhamini, uliza swali moja tu: ni lini ulimwona akifanya uamuzi mgumu, na alifanya nini?

Watu husema lisemwalo lipo. Joponi lisemwalo halipo mpaka liwe kwenye karatasi na mwombaji amepewa nafasi ya kulijibu. Mtu akianza sentensi kwa "nasikia huyu...", mwenyekiti amkatishe. Kama kuna malalamiko ya nidhamu, katibu aandike kwa chombo cha nidhamu kuuliza, na jibu liwekwe kwenye faili. Malalamiko ambayo hayajaamuliwa hayajathibitisha kitu. Kanuni zenu zitasema kama faili linasubiri au linaendelea. Fuateni hizo, si hisia ya siku hiyo.

Andika kabla hujasikia wengine

Hapa ndipo nilipokosea ile mara ya kwanza, na hapa ndipo naona wapya wengi wanakosea. Ukiingia kikaoni bila maoni yaliyoandikwa, utakubaliana na mtu wa kwanza kusema, hasa kama ni mkubwa kwako. Kumheshimu mkubwa ni jambo jema, lakini uamuzi wa watu watatu waliomfuata mmoja ni uamuzi wa mtu mmoja, na mwombaji aliahidiwa watatu.

Siku hizi kwetu kila mwanajopo hutuma alama na maoni yake kwa katibu siku 2 kabla ya kikao, naye hazifungui mpaka zote zifike. Kikaoni aliyejiunga karibuni husema kwanza, mwenyekiti mwisho. Tulibishana sana kabla ya kukubali utaratibu huu. Mwenzetu mmoja aliona unawadhalilisha wazee. Baada ya awamu moja alibadili mawazo mwenyewe, kwa kuwa aliona tofauti za alama ambazo hapo awali zilikuwa zinamezwa kimyakimya.

Maoni yako yafuate vigezo, kimoja kimoja, na kila alama iwe na ukurasa wa faili pembeni yake. "Kigezo cha 4, alama 3 kati ya 5, ukurasa wa 61 na 88." Ukishindwa kutaja ukurasa, rudi usome. Na usiandike kitu ambacho usingependa mwombaji akisome, kwa sababu akikata rufaa anaweza kukisoma.

Usaili

Kanuni za Ujerumani huweka mahojiano ya namna hii kati ya dakika 45 na 60 kwa mwombaji mmoja, na kwa uzoefu wangu ni kipimo kizuri. Chini ya hapo mtu mwenye woga hajatulia bado. Zaidi ya hapo wasaili huanza kujionyesha.

Usipime kumbukumbu. Namba za vifungu kila mtu anaweza kuzitafuta. Mpe tukio, nami hulipenda hili: "Saa 10 jioni mteja wako anakupigia kwamba mwenzake ana tiketi ya kusafiri nje ya nchi na mtoto kesho asubuhi. Hakuna amri yoyote ya mahakama. Unafanya nini kwanza?" Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde 15 unachosha, lakini vumilia, wengine wanafikiri.

Anayekariri ataanza na Mkataba wa Hague wa 1980 kuhusu watoto wanaochukuliwa kimataifa, ibara kwa ibara, bila kuuliza kama nchi wanayokwenda imejiunga na mkataba huo, au kama mtoto hata ameshaondoka. Bingwa huanza na maswali. Pasipoti iko kwa nani? Walishawahi kusafiri na kurudi? Mteja amejuaje kuhusu tiketi? Ndipo anafika kwenye maombi ya dharura ya upande mmoja, na hapo namsikiliza kwa makini zaidi, nikingoja aseme jambo moja: kwamba kwa kuwa mwenzake hatakuwepo kujitetea, ni wajibu wake kumweleza hakimu hata yale yanayomuumiza mteja wake mwenyewe. Asipolisema, namuuliza. Wanaolijua hujibu kabla sijamaliza swali.

Tukio liwe lilelile kwa wote wa awamu hiyo, na maswali ya kufuatilia yaandikwe mapema. Maswali ya faili lake mwenyewe ndiyo yatofautiane. Usimsahihishe, usibishane naye, usimsaidie kwa kutikisa kichwa. Anayezungumza polepole, mwenye kigugumizi, au anayefanya kazi peke yake bila ofisi kubwa nyuma yake apewe muda uleule na sikio lilelile. Mtu akihitaji mkalimani wa lugha ya alama au chumba chenye utulivu, hilo lipangwe na katibu kabla ya siku yenyewe, na lisiingie kwenye mjadala wa alama hata kidogo.

Mitihani ya kuandika, kama mnayo, isahihishwe kwa namba na si kwa majina, na msahihishaji wa pili asione alama za wa kwanza.

Kusema hapana

Kukubali ni rahisi kuandika. Kukataa ndiko kunakoonyesha kama jopo limefanya kazi. Barua ya kukataa niliyoikuta siku zile ilisema: "Mwombaji hakuonyesha uzoefu wa kutosha." Mtu amelipa ada, amekusanya kesi kwa miaka, na jibu lake ni maneno matano ambayo hawezi kuyafanyia lolote.

Linganisha na hii, ambayo tuliiandika kwa mwombaji mmoja: "Kigezo cha 3 kinataka mashauri 10 yaliyosikilizwa kwa ushahidi. Orodha inaonyesha 11. Namba 14, 15 na 16 ni maombi ndani ya shauri moja, hivyo tumeyahesabu kuwa 1. Katika namba 31 mwombaji alikuwa msaidizi, hakuhoji shahidi. Yanabaki 8. Vigezo vingine vyote ametimiza. Akileta mashauri 2 zaidi ya aina hiyo, hatahitaji kurudia usaili." Barua hiyo inaweza kupingwa kwenye rufaa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe: mwenye kuona tumehesabu vibaya atuonyeshe wapi. Iandikwe na mwanajopo aliyesoma faili kwa kina, isomwe na wengine, itumwe na katibu. Haki ya rufaa na siku za kuikata ziwe ndani yake.

Baada ya hapo nyamaza. Utakutana na uliyemkataa kwenye ukumbi wa mahakama, kwa sababu ni fani yenu moja. Msalimie kama kawaida. Akikuuliza, mwambie kila kitu kiko kwenye barua. Usimpe maelezo ya pembeni, usimwambie nani alipiga kura gani, usiombe radhi. Kilichojadiliwa chumbani ni cha wote watatu, si chako.

Maombi ya kuhuisha ithibati huwa hayasomwi kwa moyo, nami naomba yasomwe. Texas hurudia kila miaka 5. Ujerumani bingwa huthibitisha kila mwaka kwamba amepata saa 15 za mafunzo katika fani yake. Angalia kama mtu bado anaifanya kazi hiyo. Nimeona waliopanda vyeo ofisini wakaacha mashauri kwa vijana wao, majina yao bado yana neno bingwa, na kesi ya mwisho waliyosimama wenyewe ina miaka 4. Waulize ilivyo, kwa heshima, na kwa maandishi.

Yule mwombaji wa mashauri 8 alirudi baada ya miezi 20. Faili lilipofika niliuruka wasifu, nikaenda kwenye orodha. Barua yetu ilikuwa imebandikwa mbele yake, na kando ya kila namba tuliyoikataa, 15, 16 na 31, alikuwa ameandika kwa wino wa bluu namba ya shauri jipya lililochukua nafasi yake. Nilichora safu zangu pembeni, nikahesabu mwenyewe moja moja. Yalitimia 11. Nikageuza ukurasa, nikaanza kusoma simulizi ya kwanza, na neno lake la kwanza lilikuwa "Nilimshauri".